Dungu Lisilo na Msingi

Wiki jana nilikwenda ofisi moja huku delta kugongewa muhuri. Ukutani imening'inia kalenda ya madaraja na maghorofa ya fahari ya taifa. Chini yake, alama ya tope ya mafuriko imefika dirishani. Mbele yangu mama mmoja mkulima alikuwa akiomba aandikwe kwenye orodha ya mbegu.

"Unaishi nyumba gani?" afisa akamuuliza.

"Dungu, baba. Nguzo za mikoko, sakafu juu ya kichwa cha mtu."

"Hicho kibanda cha kuwingia ndege shambani, mama. Nyumba ina msingi."

"Maji yamepita chini, sisi juu twanywa chai."

Afisa akagonga meza kwa kalamu. "Halafu lete upya barua yako ya maombi. Mafaili yalilowa mafuriko yalipotufanya tuhamie shuleni."

Mama akafungua fundo la kanga, akatoa nakala ya barua, kavu kama kaukau. "Hii ilikaa dunguni."

Afisa akaisoma, akakohoa, akamwandika. Nikachungulia: kaya ile imeingizwa kwenye safu ya "wasio na makazi".

Haya, wahandisi wangu wa zege, niambieni: maji yalipokuja, nani alihama?