Fumbo la Saba na Nane

Watoto wa darasa la kwanza walimwita Bibi Fumbo, na wala si kwa dhihaka. Kwa miaka thelathini na moja mwalimu huyu alifundisha kujumlisha na kutoa kwa vipande vya boksi. Alichora picha, tuseme kuku na vifaranga wake, kisha akaikata. Kipande kimoja kina hesabu, kingine kina jibu. Ukikosea havipachikani, hata ukivikalia.

"Msiniulize mimi," aliwaambia. "Kiulizeni kipande. Kipande hakina upendeleo."

Na watoto walizijua hesabu, usifanye mchezo! Hata wale ambao wazazi wao walishawakatia tamaa.

Nyumbani hakuwa na mtu. Mume alishatangulia mbele ya haki, binti yake kaolewa mbali. Darasa ndilo lililomwamsha asubuhi. Ndiyo maana namba zilipoanza kumponyoka, alinyamaza. Kwanza alisahau tarehe. Nani hasahau tarehe? Kisha akawa anahesabia vidole chini ya meza, yeye! Alikwenda kwa daktari mara moja tu, akaambiwa kumbukumbu inakwisha na dawa ya kuirudisha hakuna. Karatasi ya hospitali akaificha chini ya godoro. Hujafa hujaumbika, jamani.

Muhula wa pili fumbo la zamani lilichakaa, akakata jipya. Wiki tatu baadaye akaja mkaguzi wa shule, akauliza darasa: saba jumlisha nane?

Mikono yote juu. "Kumi na tatu!"

Mkaguzi akadhani wanamtania. Akaandika ubaoni kumi na tano. Kasichana ka dawati la mbele kakamwonea huruma.

"Hapana, babu. Hiyo haiingii."

Kakamletea vipande viwili, cha saba na nane, na cha kumi na tatu. Kakavipachika mbele ya macho yake. Vikaingia barabara. Mwalimu wao alikuwa amesimama dirishani, anatabasamu kwa fahari.

Mkaguzi hakugomba. Alimwambia mwalimu mkuu kwamba mama huyu apumzishwe kabla ya Ijumaa, akaenda zake.

Sasa, mwalimu mkuu mwenyewe alikuwa zao la vipande hivyo hivyo. Alifika kwa Bibi Fumbo na miaka tisa, kila mtu kamwita kichwa maji, na kumi haijui. Ni mama huyu aliyemfanya mtu. Mwalimu mkuu akamwita ofisini, akafunga mlango, akavuta kiti karibu.

"Mama, niambie tu kwamba mkasi uliteleza. Sema hivyo, nami nitakutetea mpaka mwisho."

"Mkasi wangu? Haujateleza hata siku moja."

Mwalimu mkuu hakutaka kuuliza, lakini angefanyaje?

"Basi saba na nane ni ngapi, mama?"

Uso wa Bibi Fumbo ukalainika. Akamshika mkono.

"Wewe tena? Mpaka leo hujaishika hii? Haya, tulia, hakuna atakayekuchapa. Ni kumi na tatu, mwanangu. Rudia."

"Kumi na tatu," mwalimu mkuu akarudia.

"Umeona? Unaweza. Sasa unalia nini?"