Mbuzi wa Mbio za Mchujo

Mwaka huu nimerudi Palma, nikapita kwenye shule yetu ya msingi. Mlango wa darasa letu haupo. Utasema mlango ni mbao na bawaba tu, lakini nyuma ya ule mlango mwalimu wetu aliandika kwa chaki matokeo ya timu ya taifa kwenye michezo ya vyuo vikuu vya dunia. Kila michezo ilipofanyika aliongeza mstari mmoja: mji, wanamichezo waliokwenda, medali walizorudi nazo. Upande wa medali, karibu kila mara alichora kistari. Alikuwa Mmakonde wa bara, chuo kikuu chenyewe hakuwahi kukanyaga, lakini mambo hayo yalimkosesha usingizi.

Dada yangu ndiye aliyetarajiwa kutuondolea vile vistari. Tulilelewa na bibi, aliyekuwa na shamba njia ya kwenda Pundanhar, na bibi alikuwa hali ugali uliopoa hata umbembeleze vipi. Basi kila siku dada alibebeshwa bakuli lililofungwa kwenye kapulana, yaani kanga ya kwetu, ugali na matapa ya kisamvu, akakimbia nalo njia nzima ya mchanga hadi shambani. Mimi nilibaki nyumbani kutwanga. Yeye alipata sifa, mimi nikapata malengelenge. Alipoingia chuo kikuu kule Maputo na kuchaguliwa timu ya taifa, alimwambia bibi kwa simu kwamba atarudi nyumbani na medali shingoni.

Siku ya mbio zake mtaa mzima ulijaa uani kwetu. Redio ilitangaza kwa Kireno, mwalimu akitutafsiria. Ghafla akaruka: dada amekuwa wa kwanza! Vigelegele, wewe acha tu. Jirani yetu, mchoyo kuliko wote pale mtaani, akaenda mbio kumchinja mbuzi wake. Mwalimu alikuwa akipaza sauti kwamba ule ni mchujo tu, fainali ni kesho, lakini nani alimsikia? Alipochoka alinawa mikono, akala wali wa nazi pamoja nasi.

Kesho yake, kwenye fainali, dada alikuwa wa nane kati ya wanane. Mwalimu alichora kistari chake, akatuambia wa nane duniani si haba. Sisi tuliucheka mkasa wa mbuzi mwezi mzima, na jirani mwenyewe alicheka. Lakini kuna mtu alimpigia dada simu akamsimulia karamu yetu, na dada hakucheka. Aliona haya. Likizo ya kwanza alisema ana mitihani, ya pili alisema mazoezi, na alipohitimu akapata kazi huko huko. Miaka ikapita hivyo. Namkasirikia mpaka leo, ingawa hata kukasirika kwenyewe kumenichosha.

Kisha vita vikatufikia. Tulimbeba bibi hadi kwa ndugu zetu Pemba, na huko ndiko alikofia. Mwalimu sijui aliko. Mtaa ule uliojaa uani kwetu umetawanyika, wengine Mtwara, wengine Nampula, wengine makaburini. Niliporudi nilikuta watu wachache wanaonijua, na salamu zetu zilikuwa fupi. Kila mmoja anaogopa kuuliza habari za nyumbani kwa mwenzake.

Dada alifika Pemba siku ya tatu ya matanga ya bibi. Alikaa mkekani bila kula chochote. Wageni walipopungua alinisogelea.

“Mdogo wangu, bibi alisema nini kuhusu ile fainali?”

Nilitamani kumwambia neno la kumpoza, na nilitamani pia kumwambia la kumchoma, maana yote mawili nilikuwa nayo moyoni. Lakini bibi hakuwahi kuuliza dada alishika nafasi ya ngapi. Sidhani hata alijua fainali ni kitu gani.

“Hakusema kitu,” nikamjibu. “Kila aliyetoka Maputo, bibi alimwuliza jambo moja tu: mjukuu wangu huko anapikiwa na nani?”