Nafasi ya Mkewe

Nilipofika Bujumbura nilikuwa nimechoka na jua, nimechoka na watu, nimechoka hata na kamera yenyewe. Safari nzima nilikuwa nikipiga picha za mafundi barabarani, na kila mmoja alitaka kwanza anawe, abadilishe shati, asimame kama waziri. Jamani! Mimi nilitaka kazi, wao walitaka heshima.

Aliyenimaliza kabisa ni fundi wa baiskeli, jirani na pale nilipofikia. Alivaa koti la kuazima, akaenda kusimama pembeni kabisa ya ukuta.

"Baba, njoo katikati," nikamwambia.

"Apana. Hapa ni nafasi ya bibi yangu."

Bibi, kwao, ni mke. Mkewe alibaki Uvira, ng'ambo ya mpaka, tangu yeye alipokimbia vita, na kurudi hakuthubutu. Fundi alikuwa amesikia naelekea huko.

"Ukifika, umupige foto. Umwambie asimame upande, aniachie nafasi. Mutu wa studio atatuunganisha. Bibi akituona pamoja, atakuja."

Ningekataa, lakini ule uso wake! Nikampiga hapo hapo pembeni. Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wallahi huo ulinilemea. Nilipita Gatumba, karibu na mpaka, kwenye vumbi nikinung'unika njia nzima.

Uvira, kwa kuulizauliza, mkewe nilimkuta sokoni akiuza dagaa. Nikamwamkia, nikamweleza nimetumwa na nani. Alinisikiliza huku akipanga mafungu yake. Kisha akajifuta mikono, akasimama mbele yangu, katikati.

"Mama, sogea kidogo. Acha nafasi."

"Nafasi ya nani?"

"Ya mumeo."

Hakusogea hata unyayo. "Piga hivi hivi."

Nikapiga. Ningefanyaje?

Niliporudi Bujumbura nikaisafishisha ile picha, nikampelekea fundi. Aliitazama muda mrefu, akipitisha kidole kushoto kwa mkewe, kisha kulia. Kidole hakikupata pa kutua. Mimi nilitamani nikalale tu, nisiulizwe kitu.

"Ulimwambia ile nafasi ni yangu?"

"Nilimwambia."

"Akasema nini?"

"Alisema nipige hivyo hivyo."

Akaitia picha mfukoni, akavuta pumzi.

"Basi unipige ingine," akasema. "Mi peke yangu. Katikati."