Nilifufua mashine ya gemu huku kuku anaatamia ndani yake

Wakuu, salamu kutoka Lubumbashi.

Hiki ninachosimulia kimenitokea mimi mwenyewe, na majirani wapo. Nikiongeza chumvi, umeme ukatike kabla sijabonyeza kutuma. Wanaoujua umeme wa huku wanajua hicho ni kiapo kizito.

Kwanza mnijue. Shule niliacha mapema. Nimeuza viatu mpakani Mokambo, nimefunga redio za magari, nimejifunza unyozi. Vyote nusu. Siku hizi naishi kwa dada yangu mkubwa, Yaya Fifi, hapa Kenya. (Kenya ni mtaa wa mji wetu. Msinitafute Nairobi.)

Yaya alikuwa ameshanipa onyo (muloko ni mdogo wake, yaani mimi):

"Muloko, hii nyumba imejaa bintu benye uliacha katikati. Ukianza ingine bila kumaliza, utatoka pamoja nayo."

Nikaitikia vizuri kabisa. Wiki hiyo hiyo nikaiona mashine.

Ilikuwa Annexe, mtaa wa pembezoni mwa mji, uani kwa mama mmoja mzee, Mama Kalenga. Lile kabati refu la mbao lenye skrini, kijiti na vitufe, unacheza umesimama. Marehemu mume wake aliiweka kwenye baa yake enzi hizo. Baa ikafa, mashine ikawa banda la kuku.

Nikaiomba. Akasema beba, bure. Nikafungua kimlango cha chini, nikakuta kuku juu ya mayai kumi, ananitazama kama nimeingia bila kubisha.

"Iko inalalia, papa," akasema Mama Kalenga. "Leo siku ya kumi. Ubebe yote. Batoto bakitoka, uniite nibakujie. Lakini mayai ikikufa, mashini inarudia hapa."

Mwenye akili angesubiri. Mimi nilikuwa nimeshaita watu wa mkokoteni.

Tuliisimamisha ili mayai yasibingirike, tukaifunga vitenge ili kuku aone giza. Sasa fikirieni: kitu kirefu cha mbao, kimefunikwa, wanaume wanne pembeni wanatembea polepole bila kuongea. Karibu na soko wamama wakaanza kusimama kwa heshima. Mzee mmoja akavua kofia.

Kuku akalia.

"Eh, Mungu yangu!" mama mmoja akapiga kelele. "Maiti yenu inataga!"

Nyumbani Yaya Fifi akaizunguka mara mbili.

"Kuku inamaliza kazi yake mu siku ngapi?"

"Kumi na moja, Yaya."

"Basi na weye kumi na moja."

Ndivyo nilivyojikuta nashindana na kuku.

Ubavu mmoja wa mashine ulikuwa umeliwa na mchwa, nikamwita Papa Ramazani, fundi seremala, jirani yetu. Nikamweleza kwamba nyundo hairuhusiwi, kuku atashtuka.

"Petit, niko naranda mbao mbele uzaliwe. Unataka nipigilie misumari na mudomo?"

Akatumia gundi na skrubu, ananung'unika, ila kwa sauti ya chini. Hata yeye alimwogopa yule kuku.

Umeme nilifanya mwenyewe, video kwenye simu, chuma cha kulehemu mkononi. Nyaya zilikuwa zimetafunwa na panya. Kapasita, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme, nilitoa kwenye televisheni mbovu tatu. Tahadhari kwa wanaotaka kujaribu: tyubu ya skrini hizi za zamani hubaki na umeme hata ukichomoa. Nilisoma hilo jioni. Asubuhi ya siku hiyo hiyo mkono ulikuwa umeshanifundisha. Nilirushwa hadi kwenye ndoo, na kuku akanitazama kama walimu wangu walivyokuwa wakinitazama.

Siku ya nane hapa kwangu, nikawasha. Picha ikaja! Rangi zote, muziki, ndege za vita. Ila kichwa chini miguu juu.

Yaya akachungulia. "Inafanana na mwenye kuitengeneza."

Nikageuza nyaya mbili nyuma ya tyubu, ikanyooka. Kwa furaha nikaiacha inawaka tangu asubuhi, Papa Ramazani hachomoki kwenye kijiti. Mchana nikamwona kuku uani, anaoga vumbi.

Nikamrudisha. Akatoka. Nikamrudisha tena, akanidonoa kidole na kutoka kwa hatua za mtu aliyestaafu.

Nikaingiza mkono ndani kwa hofu. Mayai yalikuwa ya moto. Transfoma, ambayo hupata joto ikifanya kazi, ipo nyuma ya ubao mwembamba, palepale kwenye kiota! Nikaazima kipimajoto cha watoto wa Yaya: thelathini na saba na nusu. Kuku alikuwa ameona kazi yake imepata mtu mwingine.

Sasa hesabu ikawa hii, wakuu. Mashine ikizima, mayai yanakufa. Mayai yakifa, mashine inarudi Annexe. Ikirudi, na mimi natoka.

Kesho yake, saa nane mchana, umeme ukakatika.

"Nilikuwa nashinda!" akalia Papa Ramazani.

Mimi nilisimama tu. Aliyekuja ni Yaya Fifi. Akapuliza mbabula, jiko letu la makaa, akachemsha maji, akajaza chupa, akazifunga kwa nguo na kuzipanga kuzunguka mayai. Kila chupa ikipoa, anabadilisha. Saa nne nzima, hadi umeme uliporudi! Nilipotaka kumshukuru akasema, "Nyamaza. Leta makaa."

Siku ya kumi na moja wakatoka vifaranga wanane. Mayai mawili hayakufunguka.

Mama Kalenga akaja na kikapu. Nikamwambia ukweli wote, hata kuhusu kuku kuacha kazi. Akanikazia macho, akamleta kuku karibu na vifaranga. Kuku akawadonoa. Vifaranga wakapiga makelele, wakakimbilia kimlango cha mashine, muziki wa gemu unalia, wakatulia.

Mama Kalenga akamtia kuku peke yake kikapuni.

"Mashini ni yako. Na batoto ni ya mashini. Ulishe."

Akaondoka.

Nikamgeukia Yaya, natabasamu. "Yaya, nimemaliza."

"Umemaliza moja, umeanza nane," akasema. "Na hautoke mu hii nyumba mupaka ikomale yote."

Nilichojifunza: kabla ya kuwasha mashine ya zamani, uliza nani anaishi ndani. Na kwa sisi tusiomaliza vitu, chagua kazi ambayo kuna roho inakungoja mwisho wake. Nisingeimaliza kwa ajili ya gemu peke yake, nakiri.

Mwenye ujuzi wa vifaranga aniambie chakula gani wiki ya pili. Mwenye ujuzi wa skrini, kuna mstari wa kijani upande wa kushoto hautaki kuondoka. Kucheka mnaruhusiwa, ila mniachie na ushauri.