Vidole vya Dobi

Wifi yangu ni dobi. Niseme mapema kwamba mimi ni dada wa mumewe, kwa hiyo mtu angetegemea nimseme vibaya. Nimejaribu miaka yote hii. Tatizo ni kwamba anafua vizuri mno, na mimi ananifulia bure.

Mtaani wanamwita Mama Povu. Tunakaa ua mmoja, yeye na kaka yangu upande wa bomba, mimi na cherehani yangu barazani. Kila asubuhi kamba hujaa sare za manesi, mashuka ya nyumba ya wageni, na mashati ya watu wanaotaka kuonekana wana vyeo. Namba yake ya simu imeandikwa kwa rangi ya buluu kwenye ukuta wa nje, tarakimu kubwa kubwa. Hana duka wala kadi za kugawa. Namba ile ndiyo duka lenyewe. Wateja wanapiga hiyo, wanalipia kwa hiyo hiyo, na waliohama mtaa wamehama nayo.

Na msiniulize kwa nini hanunui mashine ya kufulia. Alinunua. Ilifua mara mbili, mara ya tatu ikanguruma, ikatoa moshi, ikanyamaza. Tukaipakia kwenye mkokoteni tukairudisha dukani, karatasi ya dhamana mkononi. Muuzaji akaisoma kwa makini kuliko tulivyoisoma sisi, akatuambia dhamana inahusu mlango. Mota haimo. Mlango ulikuwa mzima kabisa. Siku hizi wifi anaweka sabuni humo, na mlango hauna lawama yoyote.

Basi mwanzoni mwa mwezi mmoja ukaingia ujumbe kwenye simu yake. "Mpendwa mteja, laini yako haijahakikiwa kwa alama za vidole. Fika ofisini kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo itafungwa na namba itapewa mteja mwingine." Mpendwa! Mtu anakupenda, halafu anataka kumpa mwingine duka lako.

Kaka alipata ujumbe huo huo. Yeye ni karani mstaafu wa ghala, na tangu astaafu kazi yake ni kusikiliza redio na kuisahihisha. "Mimi nitakwenda siku ya mwisho," akasema. "Dakika moja tu. Vidole vyangu ni vya ofisini."

Wifi hakungoja. Alianza kwa kupiga simu huduma kwa wateja. Sauti ya binti ikamwambia simu yake ni muhimu sana kwao, kisha ikamwekea muziki. Alifua mashuka simu ikiwa begani, akayakamua, akayaanika, muziki unaendelea. Salio likaisha kabla ya muziki. Ikabidi twende wenyewe.

Ofisini kulikuwa na baridi utadhani wanahifadhi nyama. Madirisha matano, mhudumu mmoja. Wa pili alikuwepo, lakini alikuwa anakunywa chai huku akitutazama kwa huruma. Tulikaa kwenye viti vya plastiki mpaka miguu ikafa ganzi, hatimaye zamu yetu ikafika.

"Weka kidole hapa, mama," kijana wa dirishani akasema.

Taa nyekundu.

"Weka kingine."

Nyekundu. Kijana akafuta kioo kwa shati lake, wifi akafuta kidole kwa gauni lake. Nyekundu. Vidole vyote vikapita, kimoja kimoja, mpaka cha mwisho cha mkono wa kushoto.

"Mama, huna vidole," kijana akasema.

"Na hivi ni nini, karoti?"

Watu kwenye foleni wakaangua kicheko, kijana mwenyewe akacheka, ila mashine haikuwa na utani. Kijana akamgeuzia viganja juu, akatuonyesha. Ncha za vidole zilikuwa laini, zinang'aa, hazina mstari hata mmoja. Sabuni na dawa ya madoa zilikuwa zimekula kila kitu. Miaka yote napokea kikombe cha chai kutoka kwenye mikono ile, na sikuwahi kuitazama. Niliona aibu.

"Basi laini iandikwe kwa jina la mumewe," nikasema.

"Inawezekana," kijana akasema, tukashusha pumzi. "Kuhamisha laini ni rahisi sana. Mwenye laini anaweka tu kidole."

Hapo nikapandwa na hasira, nikataka meneja. Meneja akaja, akasema utaratibu ndio huo. Nikamuuliza utaratibu ni wa nani, akasema wa mamlaka. Nikamuuliza mamlaka iko wapi, akasema hata wao huwasiliana nayo kwa barua pepe. Wifi wakati wote huo alikuwa anavitazama vidole vyake.

Tulipokuwa tunatoka, mlinzi wa mlangoni akatuita pembeni. "Mama, mke wangu anafyatua matofali, na yeye walimwambia hivyo hivyo. Usiguse kazi kabisa. Paka mafuta asubuhi na jioni. Ngozi hurudi." Tukamshukuru, tukapitia dukani kununua mafuta ya nazi. Bei ilikuwa imepanda tangu juzi, chupa imepungua. Mwenye duka akasema ni kodi. Kila kitu kwake ni kodi, hata akichelewa kufungua.

Jioni tukafanya kikao. Wifi akipumzika, nani atafua? Wateja wakiambiwa wasubiri, watapata dobi mwingine kesho yake. Mimi nikaitazama cherehani yangu, nikakumbuka nina kazi nyingi sana za watu.

"Kufua nako ni jambo la kufanyia kikao?" kaka akasema, akapunguza sauti ya redio. "Maji na sabuni tu. Nitafua mimi."

Mimi nilicheka. Wifi hakucheka. Alimtazama vizuri, akasema, "Haya, baba. Sare za manesi ziko kwenye beseni kubwa."

Siku ya kwanza kaka alitia wanga kwenye soksi. Mwenye soksi, dereva wa teksi, alizirudisha zikiwa zimesimama wima kama mabuti. "Mzee, hizi nizivae au niziegeshe?" akauliza. Siku iliyofuata maji yakakatika katikati ya kusuuza, na kesho yake ikaja bili ya maji, nene kama kawaida. Kaka, ambaye hajawahi kuisoma bili ile maishani, aliisoma kwa sauti. Kisha akagundua kipande cha sabuni kimekuwa chembamba na bei imenenepa, akatoka nacho mkononi kuwaonyesha majirani. Majirani wakamwambia karibu duniani.

Wifi alikaa kwenye kigoda, mikono imeng'aa mafuta kama bibi harusi, anaelekeza tu. "Kola kwanza, baba. Siyo hivyo. Kwapani. Geuza." Mwanzoni nilidhani anafurahia, na kwa kweli alifurahia kidogo. Lakini kila asubuhi alikuja barazani kwangu kwenye mwanga, akanyoosha dole gumba.

"Wifi, huu ni mstari au ni uzee?"

"Mstari," nikamwambia, ingawa sikuwa na uhakika.

"Namba ile ikipotea naanza upya," akasema. "Na mimi wa kuanza upya sasa hivi?"

Nilimwonea huruma mpaka nikakosea mshono.

Kaka naye akaanza kubadilika. Redio ikawa inaongea peke yake bila kusahihishwa. Jioni alikaa mgongo ukutani, mikono imeachwa mapajani kama si yake. Jioni moja akauliza, "Hivi yale mashuka ya nyumba ya wageni, ulikuwa unayakamua peke yako?"

"Na nani mwingine?" wifi akajibu.

Kaka akaitikia kwa kichwa, akaenda kulala mapema.

Siku ya mwisho ya mwezi tukaenda wote watatu. Wifi aliifunga mikono yake kwenye khanga, hata mlango tulimfungulia sisi, na kaka alimbebea mkoba. Foleni ilitoka nje mpaka barabarani. Tulipofika ndani wakasema mtandao unasumbua. Tukangoja. Mtandao ukarudi, mhudumu akaenda kula. Tukangoja. Mlinzi akatupisha kiti chake.

Dirishani alikuwa kijana yule yule. Wifi akafungua khanga, akaweka kidole cha shahada. Nyekundu. Cha kati. Nyekundu. Akafumba macho, akaweka dole gumba la kulia.

Kijani.

Nilipiga kigelegele ndani ya ofisi ya watu, na foleni nzima ikapiga makofi. Hata yule wa chai akaweka kikombe chini. Wifi alilia na kucheka pamoja, akamwambia kijana, "Siyo karoti, umeona?"

"Nimeona, mama," kijana akasema. "Na mzee, wewe laini yako tayari?"

Kaka akasogea, akavuta mikono ya shati, akaweka kidole chake cha ofisini.

Nyekundu.

"Weka kingine, mzee."

Nyekundu. Kijana akafuta kioo, kaka akafuta kidole kwenye suruali. Vikapita vyote. Kijana akamgeuzia viganja juu: vimechubuka, ngozi imeondoka na povu.

"Mzee, unafanya kazi gani?"

Kaka alitazama mikono yake kwanza. Kisha akamtazama mkewe.

"Nafua," akasema.

Wifi akachukua mkoba wake, akatoa chupa ya mafuta, akaiweka mbele ya mumewe juu ya kaunta.

Laini ya kaka ilifungwa usiku ule, na namba yake sijui wamempa nani. Yale mafuta hajayapaka. Anasema hawezi kukaa kwenye kigoda wakati mashuka yale yanamngoja mtu mmoja. Kwa hiyo ukimtaka kaka yangu siku hizi, piga namba ya ukutani. Mkewe atapokea, atakuambia usubiri kidogo, mikono ya mumewe ina povu.