Udhuru wa Marehemu

Jumanne nilikuwa kwenye foleni ya kuchapisha barua katika saiba moja hapa Kisumu. Mbele yangu mkurugenzi wa kampuni ya samaki alikuwa amemletea katibu wa kampuni, mama wa makamo, kumbukumbu za mkutano mkuu wa mwaka ili atie sahihi. Zilihitajika kwa zabuni iliyokuwa ikifungwa saa kumi.

Mama alisoma polepole, kidole kikishuka kwenye orodha ya majina. Kikasimama.

"Mzee, huyu alihudhuria?"

"Ndiyo. Ndiye alifungua na maombi."

"Huyu si tulimzika kule kijijini Pap Onditi mwezi wa nne? Wewe ndiye ulisoma wasifu wake."

Mkurugenzi akainua macho kutazama feni ya dari. "Madam, hiyo ni karatasi tu. Nani ataisoma?"

"Mimi. Si hiyo ndiyo kazi mlinipa? Siku wakiuliza, hawatakuuliza wewe."

Akarudisha kalamu mkobani. Mzee akafikiri, kisha akasema kwa upole wa mtu aliyekubali makosa: "Sawa. Mtoe kwa waliohudhuria. Andika alituma udhuru."

"Na huo mkutano mlifanyia wapi?"

Ghafla mzee akaanza kutafuta simu mfukoni.

Mama akabeba mkoba wake akaondoka bila kutia sahihi, na mimi nikasogea mbele kwenye foleni. Wakurugenzi wote wa kampuni ile walikosa mkutano huo. Ila marehemu, angalau, ana sababu.