Kikande Tuliowamaliza

Mimi ni mtu wa kusema, na wanaonijua wanalijua hilo. Lakini hili sijapata kumwambia mtu.

Niliolewa Takaungu mwanzoni mwa miaka ya themanini, mimi Mgiriama wa Kakuyuni niliyezoea jembe na mihogo. Mume wangu alikuwa mtegaji wa malema, ile mitego ya fito iliyosukwa mfano wa kapu kubwa, samaki akiingia hatoki. Nyumbani tulikuwa watu wazima watatu: yeye, mimi na mavyaa wangu, yaani mama yake. Majirani walinicheka. "Huyu mtu wa bara, samaki kamjulia sahanini!" Nami nikajiapiza kwamba nitawaonyesha.

Adui wa mume wangu alikuwa kikande. Ni samaki mwenye ngozi ngumu kama kiatu na meno ya kuvunja mawe. Akiingia lemani hula chambo chote, kisha hutafuna fito akatoboa, na samaki wengine wakatorokea hapo hapo. Wavuvi walikuwa wakimtupa na kumlaani. Mimi nikasema, mbona mnatupa nyama? Nikajifunza kumchuna, nikamtia chumvi, nikamwanika juani, nikawa nampeleka Malindi, kule Kisumu Ndogo, kwa watu waliotoka bara kutafuta kazi. Loo, walimgombania! Nikamwambia mume wangu, "Wewe niletee hao hao."

Akawatega kwa makusudi, na wenzake wakamuiga. Misimu miwili kikande walipigwa rungu za vichwa, wakubwa kwa wadogo, na malema yakawa yanarudi yamejaa tafi na changu, maana chambo hakikuwa na mwizi tena. Mji mzima ukanisifu. Nao wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nikawataka hata wale wasiozidi kiganja.

Kisha mwamba ukanyamaza.

Sisi wanawake tulikuwa tukienda mwambani wakati wa bamvua, maji yanapotoka sana, kutafuta pweza. Zamani ukizamisha kichwa dimbwini ulisikia mwamba ukitatarika, na pono wakiguguna mawe, kru, kru. Siku hiyo, mchana kweupe, nilizamisha kichwa nikasikia damu yangu tu masikioni. Nikatazama vizuri. Dimbwi zima lilikuwa jeusi. Wale wadudu wa mviringo wenye miiba mirefu kama sindano za magunia, tuliozoea kuwaona mmoja mmoja mashimoni, walikuwa wametanda bega kwa bega. Niliposogea, kivuli changu kiliwaangukia. Miiba yote ikageuka ikanielekea. Nikapiga hatua kushoto, nayo ikafuata kivuli. Wallahi nywele zilinisimama, nikarudi nyumbani bila pweza.

Kila bamvua walizidi. Walikula majani ya mwambani yakaisha, wakaanza kuguguna mwamba wenyewe, hata ukikanyaga unamung'unyika. Tafi waliokuwa wakila majani yale walihama, kisha changu, kisha hata vile visamaki vidogo vya rangi tulivyokuwa hatuvijali. Malema yalitoka majini na chambo kama kilivyotiwa, kimevimba, hakuna aliyekionja. Mume wangu akawa anakaa barazani na lema tupu miguuni, hasemi na mtu. Ukimya wa mwamba ulikuwa umeingia nyumbani, nami nikaogopa.

Sasa, kuna mwiko: mwanamke haruki lema. Likiwa njiani, hulizunguka. Akiliruka, bahari hufungwa. Mavyaa wangu alianza kwa mafumbo, akichagua mchele bila kuniangalia. "Kikulacho ki nguoni mwako." Siku ya tatu akamwambia mwanawe mbele yangu, "Mkeo ameruka lema. Mrudishe kwao. Mtoto atabaki." Binti yangu alikuwa na miaka mitatu, amelala mapajani mwangu.

Mavyaa akaleta Msahafu niape. Nikatia udhu, nikaweka mkono, nikaapa kwamba sijapata kuruka lema tangu niingie nyumba ile. Na ilikuwa kweli tupu. Mume wangu akasema, "Imetosha, mama." Lakini yule mtu mzima aliendelea kunitazama, na nikayaona macho yake yakibadilika. "Kama si wewe," akasema polepole, "basi ni nani?" Nyumba ile ilikuwa na wanawake wawili tu.

Tangu siku hiyo hakula nasi. Kila bamvua alikwenda mwambani peke yake na kichupa cha marashi, akasimama kando ya madimbwi yale meusi, akiyasemesha. Watu walianza kumkwepa njiani. Mara moja nikamfuata.

Kabla sijamfikia nilipita dimbwi moja, nikasimama. Mlikuwa na kikande mmoja, hazidi kiganja. Alikuwa akipuliza maji chini ya mdudu mmoja wa miiba, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka akampindua tumbo juu, kule kusiko na miiba mirefu. Akamng'ata, akamla. Visamaki vidogo vikatokea sijui wapi vikigombania makombo. Pale alipokuwa yeye, mwamba ulikuwa safi, umeota majani. Kwingine kote, weusi. Niliangalia madimbwi yote ya karibu. Hakuwepo wa pili. Nami nilijua wenziwe walikwenda wapi.

Nikamkuta mavyaa ameketi juu ya jiwe, mguu umechomwa na miiba, unatoka damu, wala haujali.

"Shikamoo, mama. Twende nyumbani."

"Marahaba, mwanangu," akasema, kisha akaanza kulia. "Ni mimi. Siku ile ya mvua, nilipokimbilia nguo kambani, lema lilikuwa mlangoni. Sikumbuki kama nililizunguka. Nimeifunga riziki ya mwanangu, na wewe nikakusingizia. Nisamehe. Usibaki na kitu moyoni."

Maneno yalikuwa kwenye ncha ya ulimi, kwamba si lema, ni wale kikande niliowauza. Mimi, mtu wa kusema! Nikamfikiria binti yangu, nikaifikiria njia ya Kakuyuni. Nikapiga magoti, nikaanza kumtoa miiba mmoja mmoja.

"Nimekusamehe, mama," nikasema.

Akaushika mkono wangu akaubusu, nami nikamwacha aubusu. Aliishi miaka mitatu baada ya hapo, na kila Ijumaa aliniomba radhi upya, na kila Ijumaa nilimpa.